Wageni wa Chumba Kisicho na Dirisha

Vijana mnaonijia hapa Kibirichia mkiwa na picha ya meli nyeupe kwenye simu, mko wa aina mbili. Kuna wanaotaka kazi. Na kuna hawa wapya, wenye kazi nzuri Embu au Meru mjini, ambao wamekubaliana na wake zao kwamba likizo ijayo watoto hawatalala hotelini Mombasa; watazungushwa baharini wiki nzima ndani ya meli yenye ghorofa kumi na tano. Wote huniuliza wakitabasamu. Mimi huwajibu nikiwa nimekaa, kwa sababu magoti yangu niliyaacha huko.

Nilifanya kazi katika meli za abiria miaka kumi na tisa. Nimeamua kuandika niliyoyaona ili nisiyarudie kila Jumapili baada ya kanisa, na pia kwa sababu nikisimulia kwa mdomo, watu hucheka mahali ambapo mimi sicheki.

Mahali pa kwanza wanapocheka ni hapa. Baba yangu alilima viazi, nami nilivikimbia viazi. Nilipata cheti cha hoteli katika chuo kimoja Embu, nikahojiwa Nairobi, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa na koti la kuazima. Nilipofika melini nikateremshwa ngazi hadi chini kabisa, nikapewa kisu na gunia. Viazi. Nilimenya viazi miezi minane. Nilipompigia mama simu nikamweleza, aliuliza, "Mutuma, kwani hivi vya hapa vina shida gani?"

Katika mkataba wa pili nikahamishiwa vyumbani, na huko ndiko nilikozeekea. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kama wageni, nisikilizeni mimi kabla ya kumsikiliza anayewauzia tiketi. Yeye ameiona meli kwenye karatasi.

Siku ya kupanda, mizigo mikubwa huchukuliwa bandarini na hamtaiona hadi jioni. Dawa za mtoto, nepi, nguo za kuogelea na sweta moja kwa kila mtu ziwe kwenye begi la mgongoni. Nimeona akina baba wenye vyeo wakizunguka koridoni saa tisa mchana wamevaa suti, watoto wanalia wanataka bwawa, na bwawa wanaliona. Saa hiyo hiyo msiende kula ukumbi wa juu. Kila mtu yuko huko na sahani. Ukumbi wa chini huwa wazi, na wachache hujua.

Chumba ni kidogo kuliko picha. Aliyepiga picha alikuwa amesimama bafuni. Vitanda vya watoto hushushwa kutoka darini jioni na kurudishwa juu asubuhi. Watoto watavipenda, ninyi mtagonga vichwa. Mkichukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, jueni kwamba taa ikizimwa hapo hamna asubuhi wala jioni. Acheni taa ya bafu ikiwaka na mlango wake wazi kidogo, la sivyo mtoto akiamka atapiga kelele hadi korido nzima imjue jina. Mwenye kuogopa kichefuchefu achague ghorofa za chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Tumbo likivurugika, ale tufaha la kijani na biskuti kavu. Hiyo ni tiba ya wafanyakazi, hamtaiona kwenye kitabu chao.

Mlango wa roshani ni mzito na upepo huufunga wenyewe. Nimefunga vidole vya watoto watatu kwa barafu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtundu. Wote watatu wazazi wao walikuwa wanapiga picha.

Mtoto mwenye haya mpelekeni chumba cha michezo siku ya kwanza. Siku ya tatu wenzake wameshagawana marafiki. Na siku hiyo hiyo ya tatu, baba na mama mtagombana. Sijui kwa nini ni ya tatu. Nadhani ndipo mama anapogundua kwamba amebadilisha jiko tu, bado ni yeye anayetafuta soksi, na baba anapogundua kwamba hawa watoto ni wageni kwake. Nimefagia chini ya ndoa nyingi. Mhudumu wa vyumba hana haja ya kusikiliza mlangoni. Mto uliohamia kwenye kiti unasema yote.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Anselmo, Mfilipino mfupi mwenye sauti ya chini, msimamizi wa korido yetu. Alinionyesha kwamba unapiga hodi mara tatu, unaita, unasubiri, kisha unatanguliza mguu, si kichwa, kwa sababu mguu hauoni. Alinifundisha kukunja taulo zikawa tembo, nyani na sungura, ambao huwekwa kitandani mtoto awakute akitoka kula. Tembo wangu wa kwanza alikaa kama gunia lililonyeshewa. Anselmo alimzunguka mara mbili akasema, "Ndugu, huyu mnyama anahitaji daktari."

Anselmo huyu ndiye aliyenitoa kosa moja ambalo Mfilipino yeyote asingelifanya.

Kwetu Meru, na hata kwa wakwe zangu kule Embu, mtoto wa mtu hahesabiwi. Magunia huhesabiwa. Ng'ombe, ukiwa mwangalifu, unawapitisha macho tu bila kunyoosha kidole. Lakini watoto, ukiulizwa una wangapi, unasema wapo, Mungu ametukumbuka. Kumnyooshea mtoto kidole ukisema moja, mbili, tatu, ni kama kuyaonyesha mabaya mahali pa kuchukua. Mke wangu Karimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasani huita majina, na mkaguzi akitaka idadi, husoma namba iliyo chini ya ukurasa wa rejista. Hata siku moja hajahesabu vichwa.

Sasa, kabla meli haijaondoka bandarini lazima kufanywe zoezi la dharura. Hili msilikwepe hata kama mtoto amelala. Kila familia hukusanyika mahali palipoandikwa kwenye kadi yake, na mhudumu huhakikisha watu wa korido yake wote wametoka. Mwaka wangu wa kwanza wa vyumba nilikuwa na ukoo mmoja wenye watoto wengi, mabinamu wote wanafanana. Niliwatazama nyuso. Nikasema wote wako. Hawakuwa wote. Kasichana ka miaka minne kalikuwa kamejifungia kabatini, kamelala juu ya jaketi la kuokolea. Mama yake ndiye aliyegundua, na kilio alichotoa nakisikia hadi leo.

Anselmo aliniita kando ya toroli langu.

"Uliwahesabu?"

"Niliwatazama."

"Sikukuuliza kama uliwatazama."

Nikamweleza mambo ya kwetu. Hakucheka. Alifuta kishikio cha toroli kana kwamba kilikuwa na doa, kisha akasema, "Kwenu ni vizuri, Mutuma. Lakini huku, usipowahesabu wewe, bahari itawahesabu."

Nilipewa barua ya onyo. Tangu hapo nikahesabu watoto kwa kidole na kwa sauti, zoezi baada ya zoezi, mpaka mkono ukawa unanyooka wenyewe.

Nilipofikisha miaka kumi na moja kazini, kampuni ikaniruhusu kuleta familia kwa safari moja ya siku saba kutoka bandari ya Hispania. Wakaja watano: mama yangu, Karimi, Kirimi na Makena ambao walikuwa wakubwa wakubwa, na kitinda mimba, Gatwiri, wa miaka saba.

Huyu Gatwiri alizaliwa nikiwa baharini. Kila nilipokuja nyumbani kwa miezi miwili, mwezi wa kwanza alinificha uso, mwezi wa pili akaanza kunikaribia, halafu nikaondoka. Kwa simu alisema "sijambo" na papo hapo akamrudishia nyanya yake. Alipotaka kunitaja alisema "yule wa meli". Kwa siku zile saba nilikuwa na haja moja tu, nayo haikuwa kuwaonyesha bahari. Nilitaka Gatwiri aniite baba bila kusukumwa na mtu mgongoni.

Mama alishikwa kwenye ukaguzi wa bandarini na nduma zilizochemshwa, amezifunga kwenye leso. Zikatupwa. "Wazungu wazima hivi," alisema, "wanaogopa nduma?"

Nilikuwa nimemwomba Anselmo awaweke kwenye korido yangu, vyumba viwili vya ndani vinavyotazamana, Karimi na wakubwa hawa upande mmoja, mama na Gatwiri upande wa pili. Nilidhani nimewafanyia hisani. Sikuwa nimefikiria kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mhudumu wao.

Asubuhi ya kwanza niligonga mlango wa mke wangu mara tatu, nikaita, nikasubiri, nikatanguliza mguu. Karimi alikuwa amesimama katikati ya chumba ameshika shuka.

"Baba Kirimi, acha. Nitatandika mwenyewe."

"Huwezi. Msimamizi atapita aone hukutandika kwa pembe."

"Pembe gani?"

Nikamwonyesha pembe. Alisimama ukutani mikono imekunjwa, nami nikatandika kitanda cha mke wangu kama cha mgeni, huku Kirimi akitazama runinga ili asinitazame. Chumba cha pili mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa hospitalini.

"Kwa hiyo hii ndiyo kazi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kutandikia watu vitanda."

"Ni watu wazuri, mama."

"Sijasema ni wabaya."

Mezani sikuruhusiwa kukaa nao nikiwa na sare. Mapumziko yangu yalikuwa saa nane hadi saa kumi na moja alasiri, na saa hizo wao walitaka kulala au kuogelea. Mkimfanya ndugu aliye kazini melini kuwa kivutio cha safari yenu, jueni hivyo: mtamwona anapita.

Lakini nimeruka zoezi, na mambo yote yalianzia kwenye zoezi, siku ile ile ya kupanda.

Familia zilikuwa zimejipanga mahali petu, majaketi ya rangi ya machungwa mkononi. Nilipita korido nzima nikihesabu. Nilipofika kwa wangu, kidole kilinyooka kama kawaida. "Moja, mbili, tatu," nikasema, na kwa "tatu" nikagusa utosi wa Gatwiri.

Mama aliupiga mkono wangu chini kama anayefukuza nzi kwenye uji.

"Umewanyooshea kidole?"

"Ni kazi, mama. Kila mtu..."

"Umewahesabu watoto wako kama magunia, tena juu ya maji?"

Watu wakageuka. Karimi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali," lakini mama hakuwa akisema na Karimi.

"Watemee mate. Sasa hivi, kabla hawajaondoka hapa."

Ninyi vijana wa mjini mtakunja pua, kwa hiyo nieleze. Mzazi anapobariki kwetu hurushia mate kidogo kifuani mwa mtoto, mate membamba kama umande, akisema maneno mema. Ndivyo nilivyobarikiwa mimi siku nilipoondoka Kibirichia, na baba yangu kabla yangu. Ni jambo la dakika moja. Lakini Anselmo alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu na orodha yake, na kila ukuta wa meli ile ulikuwa na bango la kukumbusha watu wasikohoe ovyo.

"Nitafanya baadaye," nikasema.

"Wee Mutuma."

"Baadaye, mama."

Siku ya tatu Gatwiri akatapika kwenye ngazi, halafu kitandani, halafu popote. Hakuwa peke yake. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeingia melini. Hapa ninyi wageni nisikieni vizuri: naweni mikono kwa sabuni na maji kila mara kabla ya kula, msitegemee ile dawa ya kujipaka mlangoni. Meli ni watu wengi mno wanaoshika reli moja ya ngazi. Nikikumbuka, ni mimi niliyemwambia Gatwiri ashike reli asianguke.

Daktari wa meli alikifunga chumba cha mama na Gatwiri. Chakula kiliachwa mlangoni. Aliyeruhusiwa kuingia ni mtu wa kikosi cha kusafisha vyumba vya wagonjwa, amevaa glavu na kifuniko cha uso, na wa korido yetu alikuwa mwanamke aitwaye Lorna. Mhudumu wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga humo, kwa sababu angebeba ugonjwa hadi vyumba vingine. Nilikuwa na vyumba kumi na sita. Kadi iliyoning'inia kifuani mwangu ilifungua milango yote ya korido ile, na ule pia.

Alasiri nilisimama nje na sare yangu, nikagonga.

"Mama, anaendeleaje?"

"Ana joto. Ingia."

"Siruhusiwi."

"Na nani?"

"Daktari amesema."

"Daktari ndiye baba yake?" Nilimsikia akiburuta viatu hadi mlangoni. Akashusha sauti. "Mutuma, ni ile hesabu. Ingia umtemee mate kifuani, useme maneno mema, utoke. Sitakuomba kitu kingine."

"Mama, huu ni ugonjwa wa mikono na matapishi. Uko vyumba vingi, hata kwa watu ambao hawakuhesabiwa na mtu. Nikionekana namtemea mtoto mate wakati huu, nitashushwa bandari inayofuata na jina langu lifutwe."

"Kwa hiyo umekataa."

"Sijakataa."

"Uko ndani au uko nje?"

Nilitazama kadi yangu. "Niko nje."

"Basi umekataa."

Kisha nikasikia sauti ndogo, kavu, kutoka kitandani. "Nyanya, ni nani?"

Nilidhani mama atasema ni baba. "Ni yule wa meli," alisema. "Ameenda."

Na kweli nilienda. Chumba kilichofuata kilikuwa cha familia yenye mapacha, nikawakunjia tembo wawili wanaotazamana.

Huwa mnaniuliza, hasa ninyi mliosoma chuo kikuu, kama niliamini mambo ya kidole. Sikuamini. Nilijua ugonjwa umetoka kwenye reli. Lakini nilijua vilevile kwamba mama hakuwa ananiomba dawa, na mtoto aliyelala mle ndani alikuwa anasikia Kimeru vizuri sana. Nimefanya makosa mengi ya kazi na nimeyaeleza hapa mcheke. Hili halikuwa kosa la kazi. Kikazi nilifanya sawasawa, na Anselmo aliniandikia ripoti nzuri.

Lorna aliingia mle mara tatu kwa siku. Alibadilisha shuka, alipangusa kila kitasa, na akimaliza, alibaki dakika mbili tatu akimkunjia Gatwiri mnyama. Alikuwa amemwacha binti wa umri ule ule kwao kisiwani, kwa dada yake. Tulipokutana kwenye stoo ya taulo alinipa habari ambazo mama hakuwa akinipa: leo amekunywa supu, leo amecheka, leo ameuliza, kwa Kiingereza chake cha shule, kama samaki hulala.

"Ana akili sana binti yako," aliniambia.

"Ameuliza habari zangu?"

Lorna alikuwa mtu mkweli. Alihesabu taulo zake akaondoka.

Siku ya sita chumba kikafunguliwa. Saa nane kamili nilivua aproni, nikanawa hadi viwiko, nikaingia na taulo safi mkononi. Gatwiri alikuwa amekaa kitandani, amekonda shingo, amezungukwa na wanyama wa taulo waliojipanga ukutani. Nikakunja tembo. Nilimkunja yule wangu mzuri kuliko wote, mwenye mkonga ulioinuka na masikio mapana, kazi ya miaka mingi. Nikamweka mbele yake.

Alimkagua bila haraka.

"Wa Lorna ana macho," akasema.

Karimi alicheka ili kuniokoa. Mama hakucheka. Nilikaa nao mpaka saa kumi na moja, Gatwiri akamweleza nyanya yake habari za kila mnyama, na kila nilipouliza kitu alijibu vizuri kwa adabu, akimtazama nyanya.

Sasa ya kuwaambia kuhusu siku ya mwisho. Mizigo hutolewa nje ya mlango jioni ya kuamkia kushuka, ikachukuliwa. Bakizeni nguo za asubuhi. Nilishamwona bwana mmoja mwenye kampuni yake akishuka ngazi ya bandari na suruali ya kulalia, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimetangulia. Chai hunywewa mapema, na vyumba huachwa mapema kuliko mnavyotarajia. Mtakuwa mnasukumwa kwa tabasamu. Msichukie, wageni wapya huanza kupanda mchana huo huo, na kuna mtu ana vyumba kumi na sita vya kugeuza kabla hawajafika.

Asubuhi hiyo Lorna alikuja koridoni kuaga. Gatwiri alimwona, akaachia mkono wa nyanya, akakimbia akamkumbatia kiunoni. Akaanza kulia. Alilia kwa mwili wote, akasema kwa Kiswahili ambacho Lorna hakukijua, "Usiende, usiende," ingawa aliyekuwa anaenda ni yeye.

Sisi wa vyumba tunakijua kilio hicho. Watoto wa watu wamenililia shingoni karibu kila wiki kwa miaka. Wameniachia michoro, mmoja aliniachia jino. Nilikuwa najivunia, nilidhani ni ushahidi kwamba naifanya kazi vizuri. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuutazama uso wa mzazi aliyesimama kando. Asubuhi ile sikuhitaji kuutazama. Nilikuwa nimeuvaa.

Karimi alinishika kiwiko. "Amezoea tu, Baba Kirimi," alinong'ona. "Ni mtoto."

"Najua."

Anselmo alinipa dakika kumi nishuke nao hadi kwenye basi. Bandarini kulikuwa na jua na upepo, na hapakuwa na bango wala daktari. Kirimi alinipa mkono wa kiume. Makena alinikumbatia kidogo. Mama alisimama akishika mkoba wake kwa mikono miwili, akanitazama, nami nikajua anasubiri nini. Nilivua kofia ya sare. Nikainama mpaka goti likagusa saruji, uso wangu ukawa sawa na wa Gatwiri, na kope zake zilikuwa bado zimelowa.

"Mwari," nikamwambia, yaani binti yangu. "Njoo baba akubariki."

Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kando ya sketi ya nyanya yake. Hakuwa na hasira. Alinijibu kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomjibu mtu mzima aliyekuja na kitu ambacho hakihitajiki tena.

"Nimeshapona," akasema.

Nilitazama juu kwa mama, nikidhani atamsukuma mbele, kama alivyokuwa akimsukuma miaka yote kwenye simu. Hakumsukuma. "Mwache," aliniambia, kwa upole kuliko nilivyostahili, akampandisha kwenye basi.

Nilirudi ndani. Kufikia saa sita chumba alicholala Gatwiri kilikuwa kimepewa watu wanne, mama mmoja na watoto, na kasichana kao kadogo kalitaka kujua jina langu kabla hata ya kuvua viatu. Nilimwambia. Nilibaki melini miaka minane mingine.